Fundi, Pima Kwanza!

Jamani, baadhi ya mafundi wetu hapa Karatu wananichosha. Unapeleka kompyuta uliyoiunga mwenyewe, haiwaki. Kabla hata ya kufungua kifuniko, fundi keshatoa hukumu: "Mazabodi imekufa, nunua nyingine." Kapima nini?

Huku vumbi jekundu linajaa kwenye feni na matundu ya RAM, umeme nao unakatika na kurudi kwa kishindo. Basi anza hapo! Chomoa waya wa umeme, puliza vumbi, toa RAM, isugue kwa raba ya penseli, irudishe. Kisha shika mita, pima pawa saplai: volti 12, 5 na 3.3 zinatoka? Mazabodi ni ghali, iwe mshukiwa wa mwisho.

Nanyi wasomaji, msilipie hukumu isiyo na vipimo. Hela yenu hamkuiokota njiani.