Ng'ombe Hafuti Kesi ya Mtoto

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na wala siipingi. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji: mkubwa asiyesikia la mdogo, yeye huvunjika nini?

Nauliza hivyo kwa sababu ya jambo linalotendeka huku kwetu Chakol na vijiji vya kati ya Busia na Malaba, jambo ambalo husemwa kwa kunong'ona tu. Mtoto hunajisiwa. Anayeshukiwa mara nyingi si mgeni aliyeshuka kwenye lori mpakani. Ni jirani, ni jamaa, ni mtu anayeketi na wazazi wa mtoto na kula nao. Wazee hukutana. Hutajwa ng'ombe, hutajwa fedha, kisha watu hupeana mikono. Mtoto mwenyewe haulizwi hata neno moja.

Wanaotetea vikao hivyo wana hoja yao. "Mtampeleka kortini akaseme nini? Hakuna aliyeona. Kesi itaanguka tu." Hoja hiyo husemwa kwa ujasiri kana kwamba ndiyo sheria. La hasha! Ilikuwa sheria, lakini ni ya zamani.

Zamani mahakama zetu zilitaka neno la mtoto liungwe mkono na ushahidi mwingine. Basi makosa haya hutendwa mafichoni, na aliyepo ni mtoto na mkosaji wake peke yao. Kumtaka mtoto alete shahidi wa pili kulikuwa sawa na kumtuma akachote maji kwa tenga. Bunge la Kenya lilianza kuirekebisha Sheria ya Ushahidi mwaka 2003, kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ambayo mswada wake uliletwa Bungeni na Bi. Njoki Ndung'u. Leo kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinasema wazi kwamba katika makosa ya aina hii hakimu anaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake, mradi ameridhika kwamba mtoto anasema kweli, na aziandike sababu zake. Jirani zetu Watanzania walifungua mlango kama huo kwa sheria yao ya mwaka 1998.

Zingatia, msomaji, maneno hayo: aziandike sababu zake. Sheria haikusema kila mtoto aaminiwe bila kupimwa. Mshtakiwa naye ni mwana wa mtu, na mzigo wa kuthibitisha ungali juu ya upande wa mashtaka. Kwanza hakimu humhoji mtoto mdogo: unasoma wapi, unajua maana ya kiapo, mtu akisema uwongo huwa amefanya nini? Akiona haelewi kiapo lakini anatambua wajibu wa kusema kweli, humruhusu aseme bila kuapa. Kisha hupima. Je, mtoto alimjua mtu huyo tangu hapo? Alimtaja mapema, au baada ya kufundishwa? Je, kuna ugomvi wa shamba baina ya nyumba hizi mbili? Mtoto akikosea saa au tarehe, si lazima awe mwongo, kwa maana mtoto huhesabu siku kwa shule na kwa soko. Sababu hizo zikiisha kuandikwa, mahakama ya juu inaweza kuzisoma na kuzikosoa wakati wa rufani. Huo ndio ulinzi wa pande zote mbili.

Daktari je? Ushahidi wake ni wa thamani kubwa, na ndiyo maana mtoto apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kuzuia ukimwi, na nguo zake zisifuliwe. Hata hivyo mahakama zetu zimeamua kwamba daktari asipoona alama, kesi haifi kwa hilo peke yake. Jambo ambalo halikwepeki ni umri, kwa sababu umri ndio upimao adhabu: mtoto wa miaka 11 au chini yake, kifungo cha maisha, wa 12 hadi 15, miaka isiyopungua 20. Hivyo cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au ya ubatizo, hata ikiwa imetoka Tororo ng'ambo ya pili, itunzwe vizuri.

Basi mizani ya korti imenyoshwa. Mkono unaoipindua ni wetu wenyewe nyumbani. Mtoto akiambiwa anyamaze kwa sababu ng'ombe wamekwisha ingia zizini, hakimu atapima nini?

Tena, hao wazee wanauza kitu kisicho chao. Kifungu cha 40 cha sheria ile ya 2006 kiliweka uamuzi wa kuiondoa kesi ya namna hii mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na kazi hiyo leo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Si ya baba, si ya mjomba, si ya chifu. Polisi nao hawana ruhusa ya kulala: mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana kwa kutochunguza malalamiko yao ya kunajisiwa.

Siwadharau wazee wetu. Kesi za mipaka ya mashamba na mifugo iliyopotea wamezimaliza vyema, na waendelee. Lakini mtoto si shamba wala si ndama. Siku akija kwako na neno zito, usimwulize nani mwingine aliona. Mshike mkono umpeleke hospitali, kisha polisi, na umwache aseme. Kupima ni kazi ya hakimu. Yetu ni kumfikisha mbele yake angali na ulimi.