Avansi ya Ukumbi: Tuulize Mapema Itarudi Namna Gani

Kiangazi kimefika na kila jamaa ina mialiko ya arusi. Julai na Agosti kumbi zinajaa, kwa hiyo tunakimbilia kulipa avansi ili wengine wasituwahi. Tunauliza bei, viti, jenereta. Swali moja tunalisahau: arusi ikiahirishwa, tutarudishiwa kiasi gani?

Mwenzetu mmoja amepatwa na jambo hilo. Ukumbi ulikuwa wa dola 400. Alilipa 250: avansi 200, na garanti ya viti na sahani 50. Wiki tano mbele ya siku yenyewe, baba ya bwana arusi akafariki. Nani atacheza muziki wakati wa kilio? Mama akaenda kusimamisha, akajibiwa: "Feza ikiingia haitoki." Karatasi yake ilisema tu: "Tumepokea dola 250." Tulimsindikiza. Garanti alirudishiwa, maana hakuna sahani iliyotumika. Avansi ilibaki kule, ingawa Jumamosi ile ile jamaa nyingine ilikodi ukumbi.

Sheria yetu ya mikataba ni ya tarehe 30 Julai 1888. Kifungu cha 33 kinasema kwamba mapatano halali ni sheria kwa waliopatana, na yatimizwe kwa nia njema. Basi yale tuliyokubaliana yanatufunga, na yasipoandikwa yanakuwa vigumu kuonyesha.

Tuangalie pia maneno mawili ya Kifaransa kwenye karatasi hizo. "Arrhes" ni feza ya kujiachia mlango: mlipaji akijitoa, anaipoteza; mpokeaji akijitoa, anarudisha mara mbili. Sheria inaitaja kwa ahadi ya kuuza, kwa hiyo kwa ukumbi iandikwe wazi. "Acompte" ni sehemu ya bei. Hapo pande zote mbili zimekwisha kufungwa, na anayejitoa anaweza kudaiwa hasara. Wengi wetu tunafikiri "acompte" inarudi yenyewe. Sivyo.

Kabla ya kutoa feza, tuombe yaandikwe haya:

1. Avansi kiasi gani na garanti kiasi gani, kila moja kwa mstari wake.
2. Tukijitoa mwezi mmoja mbele, tunarudishiwa ngapi? Wiki mbili mbele? Siku mbili?
3. Kukiwa na kifo au vita, tunaweza kusogeza tarehe bila kulipa tena?
4. Mwenye ukumbi akijitoa yeye, atalipa nini?
5. Feza itarudishwa kwa muda wa siku ngapi?

Tutie sahihi pande zote mbili, kila mmoja abaki na nakala.

Na kama shida imekwisha kufika, tusingoje. Tupeleke barua siku ile ile, tarehe iandikwe, na mpokeaji atie sahihi kwenye nakala yetu. Kadiri tunavyomwarifu mapema, ndivyo anavyopata nafasi ya kukodisha kwa wengine. Akiwapata, tumwombe kwa upole akate gharama zake tu na kurudisha kinachobaki. Akikataa kurudisha feza, tumwombe tarehe nyingine.

Maulizo haya yanafaa pia kwa mpishi, mpambaji na mpiga picha.

Mama ambaye Kifaransa kinamsumbua alete karatasi siku ya mkutano, kabla ya kulipa. Tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari.