KITAMBI SI NEEMA: KWA NDUGU ZETU WANAOSAFISHWA DAMU, NA SISI TUNAOWAPAKULIA



Ndugu zangu katika imani, leo sitazungumzia udhu wala swala ya safari. Nazungumzia tumbo. Nakuomba usome mpaka mwisho, hasa kama nyumbani kwenu kuna mtu anayesafishwa damu kwa mashine, yaani dayalisisi.

Mwaka jana tulimzika mzee wetu mmoja wa safu ya kwanza. Kwa miaka kadhaa alikuwa akienda hospitali mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne kwenye mashine. Baada ya maziko watu wote tulisema, "Figo zimemmaliza." Mwanawe akanivuta pembeni akaniambia, "Sheikh, daktari amesema ni moyo."

Nilishangaa. Nikamwendea daktari mmoja anayeswali kwetu nikamuuliza, inakuwaje mtu anaumwa figo anakufa kwa moyo? Akanijibu kwamba hilo ndilo la kawaida. Kinachowaua zaidi watu walio kwenye dayalisisi ni maradhi ya moyo na mishipa ya damu.

Kisha akaniuliza mimi: "Sheikh, mzee yule alikuwa na kitambi?"

Ndugu yangu, swali lile lilinichoma. Alikuwa nacho. Mikono na miguu ilikuwa imekonda, lakini tumbo lilikuwa mbele. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia kwenye khitma, "Kula mzee wangu, unakonda," huku namwongezea wali na nyama yenye mafuta. Sisemi sahani yangu ndiyo iliyomuua. Ajal iko mikononi mwa Allah, haitangulii wala haichelewi. Lakini Mtume wetu (S.A.W) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Allah. Sisi ngamia hatukumfunga. Tulimfungulia.

Sasa nisikilize vizuri, maana jambo hili lina utata na wengi hulielewa nusu.

Mgonjwa wa dayalisisi huambiwa asikonde ovyo, na ni kweli. Kwa wagonjwa hawa, wembamba mara nyingi ni dalili kwamba mwili unajila wenyewe na nyama inaisha. Ndiyo maana tafiti nyingi zimeona kuwa kwenye dayalisisi watu wenye uzito mkubwa kidogo huishi zaidi kuliko waliokonda. Watu wetu wakisikia hivyo husema, "Basi nenepa tu!" Hapo ndipo tunapokosea.

Mwaka 2009 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa zaidi ya 500 wenye figo zilizofika mwisho. Kwa uzito pekee, wazito walionekana kuwa na nafuu. Lakini walipopima kiuno, picha ikageuka. Ukichukua watu wenye uzito unaolingana, mwenye kiuno kipana zaidi ndiye aliyekuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa, ikiwemo kufa kwa moyo.

Kwa nini? Kwa sababu mizani haijui inapima nini. Kilo ni kilo, iwe ya nyama, ya mafuta au ya maji. Nyama ya mwili ni akiba, inakubeba siku ya ugonjwa. Mafuta ya tumboni ni jambo jingine. Hayo hayakai chini ya ngozi tu, yanazunguka ini na matumbo, na hayatulii. Yanamwaga ndani ya damu kemikali zinazochochea uvimbe mdogomdogo mwilini, yanafanya insulini ishindwe kazi yake, na yanaharibu mafuta ya kwenye damu na mishipa.

Kwa mtu mzima wa afya hilo tayari ni hatari. Sasa mfikirie ndugu yetu wa dayalisisi. Moyo wake umeshatanuka kwa presha na kwa maji yanayojaa mwilini kati ya siku moja ya mashine na nyingine. Mishipa yake inakakamaa kwa chokaa kwa sababu madini ya fosfati hayatoki sawasawa. Ukimwekea na kitambi juu yake, umemwongezea mzigo punda aliyekwisha kupiga magoti.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na nayasema mbele ya Allah. Sisi jamaa, misikiti na kamati za khitma na maulidi tuna sehemu katika ugonjwa huu. Ijumaa tunapitisha sanduku, tunachangia pesa ya mashine, na Allah atalipa. Jumamosi kwenye shughuli tunamketisha mgonjwa yuleyule mbele ya sinia la pilau, soda na vitamutamu, na akisema "nimekatazwa" tunamwona mchoyo wa nafsi yake. Mkono mmoja unamlipia matibabu na mkono wa pili unayabomoa. Hiyo si sadaka iliyotimia.

Na tuache lugha ya kusifia kitambi. "Umenawiri!" "Pesa imekukubali!" Allah ametuamrisha tule na tunywe bila kufanya israfu. Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba binadamu hajazi chombo kibaya kuliko tumbo lake, na akatugawia theluthi: ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi. Katika mafundisho hayo sijaona mahali ambapo tumbo limefanywa cheo.

Tufanye nini?

1. PIMA KIUNO. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, pitisha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kwa kawaida, soma. Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke; ukizidi hapo, zungumza na daktari wako. Mgonjwa apime baada ya mashine, maji ya ziada yakishatolewa. Na tujue si kila tumbo kubwa ni mafuta. Wapo wenye maji tumboni, na wapo ambao figo zenyewe zimejaa vifuko na kuvimba. Usimhukumu mtu kwa macho.

2. USIJINYIME CHAKULA KWA PUPA. Dayalisisi inaondoa protini, hivyo mgonjwa anahitaji protini zaidi kuliko alivyohitaji kabla ya mashine. Samaki, kuku bila ngozi, ute wa yai, kwa kiasi atakachopangiwa. Cha kupunguza ni sukari, soda, maandazi, vitu vya kukaangwa na mafuriko ya mafuta kwenye pilau. Na chumvi, kwa sababu chumvi huleta kiu, kiu huleta maji, na maji hukaa juu ya moyo.

3. TEMBEA. Nyama ya mwili haijengwi kwa kula tu. Muulize daktari kiasi unachoweza, kisha anza kidogo. Kutoka nyumbani hadi msikitini kwa miguu ni ibada na ni dawa.

4. USINUNUE UNGA WA KUPUNGUZA TUMBO. Hapa nasema na wenzangu masheikh pia. Tupo tunaouza vikopo mitandaoni na kuviita dawa za sunna. Mtu asiye na figo hana pa kutolea sumu wala potasiamu ya mitishamba hiyo. Kama hujui kilichomo, usimuuzie. Dhima iko shingoni mwako siku ya Kiyama.

5. TENDE NA MADAFU. Najua hapa wengine watanuna. Tende ni sunna, na mimi nazipenda. Lakini zina potasiamu nyingi, na madafu vilevile. Potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo ghafla. Mgonjwa wako asile mpaka aulize kiasi chake. Sunna haikuja kumdhuru mtu. Na Ramadhani, daktari mwaminifu akimkataza kufunga na ugonjwa hautarajiwi kupona, atoe fidya kwa kulisha maskini na moyo wake utulie. Tusimtie aibu.

6. MWENYE SHUGHULI, TENGA SAHANI. Gharama yake ni ndogo. Wali kidogo, samaki wa kuchemsha usio na chumvi nyingi, maji kwa kikombe kidogo. Mpelekee mwenyewe kwa mkono wako umwambie, "Hiki tumekupikia wewe." Wallahi utamwona anavyofurahi.

Msikitini kwetu tumeanza. Khitma ya mzee yule ilipotimiza mwaka, familia ilitenga sahani tano za wagonjwa. Wazee wawili walinong'ona kwamba tunaleta mambo ya hospitali kwenye khitma. Nikawaambia, aliyetuleta hapa leo ni marehemu, na yeye angelikuwepo angelikula sahani hii. Wakanyamaza.

Mimi mwenyewe nina miaka hamsini na kitu. Nilijipima usiku wa siku ile niliyotoka kwa daktari. Nilikuwa sentimita 103. Sina ugonjwa wa figo, alhamdulillah, lakini nilikaa kitandani nikajiuliza ni amana gani hii ninayoirudisha kwa Mwenyewe. Leo niko 97, na safari inaendelea.

Ndugu yangu, chukua futi kamba leo, kabla hujalala. Kisha mpigie simu jamaa yako aliye kwenye mashine, umuulize daktari amemruhusu kula nini. Usimuulize kama amenenepa.

Ee Allah, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, warehemu waliotutangulia, na utujaalie tuirudishe miili hii kwako ikiwa tumeitunza. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.

Mfikishie na mwenzako, huenda ukawa sababu ya kheri.