Ndege Hainunuliwi Mara Moja

Wapo watu binafsi wanaomiliki ndege ndogo ambao hudhani kuwa, wakishalipa bei ya kununulia, wameutua mzigo. La hasha! Ndio kwanza wameutwika.

Tuchukue mfano wa Cessna 172, ndege ya injini moja na viti vinne. Kanuni za Marekani, inakoundwa, zataka ikaguliwe yote kila miezi 12. Ikikodishwa kubeba abiria, ikaguliwe pia kila saa 100 za kuruka. Nyingi za ndege hizo hutumia injini ya Lycoming O-320, ambayo kiwanda chashauri ifumuliwe na kuundwa upya baada ya saa 2,000 au miaka 12, hata kama ndege imelala bandani. Kazi hiyo ikigharimu, tuseme, dola 30,000, basi kila saa ya kuruka yadai dola 15 ziwekwe akiba.

Asiyeweka akiba hiyo hufikiwa na siku ya kumshawishi fundi atie sahihi kitabuni bila kukagua. Gari likizimika husimama kando ya barabara. Angani hakuna kando ya barabara.

Ndugu askari na polisi, jambo hili latuhusu. Gari la doria, mashua na bunduki navyo vina ratiba na vitabu vyake. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sahihi ya uongo huweza kumwua mwenzako kama risasi. Hatuna budi kukagua kwanza, ndipo tutie sahihi.