Fumbo la Hesabu Husomwa Kabla ya Kukokotolewa

Kila matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa nchini Tanzania, mjadala wa lugha ya kufundishia huibuka upya, kwani Hisabati imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa masomo yenye ufaulu duni. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ilhali sekondari hutumia Kiingereza. Wachangiaji hubishana kuhusu lugha ipi itumike. Ni nadra kuulizwa iwapo mwanafunzi amefunzwa kulisoma fumbo la hesabu katika lugha yoyote ile.

Tuchukue mfano: "Asha ana machungwa 12, ambayo ni 5 zaidi ya yale aliyo nayo Juma. Juma ana mangapi?" Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba *zaidi* maana yake ni kujumlisha ataandika 17. Jibu sahihi ni 7. Kujumlisha anakujua vizuri. Asilolijua ni nani amemzidi mwenzake.

Maneno madogo nayo yana uzito. Bei ya shilingi 1,000 ikipunguzwa *kwa* 200, mnunuzi hulipa 800. Ikipunguzwa *hadi* 200, hulipa 200. Anayeruka kihusishi hicho amelipoteza swali zima.

Upatanisho wa kisarufi pia hubeba hesabu. Linganisha sentensi hizi mbili:

"Wakulima 3 walileta mifuko 12 ya mahindi, kila mmoja *ukiwa* na kilo 90."

"Wakulima 3 walileta mifuko 12 ya mahindi, kila mmoja *akiwa* na kilo 90."

Katika ya kwanza, kiambishi *u-* chaelekeza kwenye mfuko, na jumla ni kilo 1,080. Katika ya pili, *a-* chaelekeza kwa mkulima, na jumla ni kilo 270. Mwanafunzi anapoingia Kidato cha Kwanza, msaada huo hutoweka, kwa kuwa Kiingereza hakina viambishi vya ngeli vya kumtofautisha mkulima na mfuko. Asiyezoeshwa kujiuliza "kila mmoja nani, au nini?" hubaki akibahatisha.

Kwa hiyo, mwalimu na amtake mwanafunzi asome fumbo mara ya kwanza bila kugusa tarakimu, kisha alisimulie kwa maneno yake: nani ana nini, kipi kimebadilika, na kipi kinatafutwa. Katika sekondari, usimulizi huo waweza kufanywa kwa Kiswahili kabla ya jibu kuandikwa kwa Kiingereza. Mfasiri wa vitabu vya Hisabati naye ahakiki viambishi na vihusishi kwa makini uleule anaohakikia tarakimu.

Uamuzi kuhusu lugha ya kufundishia ni wa watunga sera, na huenda ukachukua miaka. Kumfunza mtoto kusoma swali kwa utulivu kwaweza kuanza katika kipindi cha kesho.