Garanti ya Leta kwa mwenye kamyo: banki inalindwa, na paseli yako je?

Kalemie wenye kusafirisha mizigo wanasikia kila mara kwamba Leta inasimamia mikopo ya biashara ndogo. Ni kweli. Mfuko wa FOGEC ulianzishwa mwaka 2020 kwa kazi hiyo. Lakini wengi wanafikiri FOGEC inagawa feza mkononi. Hapana. Feza inatoka banki. Mfuko unasimama nyuma ya mkopaji. Akishindwa kulipa, mfuko unabeba sehemu ya hasara ya banki. Deni lenyewe halifutwi, mkopaji anaendelea kudaiwa.

Kwa hiyo garanti inapunguza woga wa banki. Barabara haiitengenezi, na kwetu Tanganyika barabara njo kila kitu.

Mvua inaanza mwezi wa kumi mpaka mwezi wa ine. Wakati huo kamyo inayotoka Kalemie kwenda Nyunzu, Kabalo ao Manono inaweza kulala siku nyingi kwenye matope. Shofere na wasaidizi wake wanakula juu ya mwenye gari, na mizigo inaharibika.

Tuchukue mfano. Mtu anakopa dola 40 000 anunue kamyo, alipe ndani ya miezi 24. Bila kuhesabu riba, ni karibu dola 1 670 kila mwezi. Katika miezi hiyo 24, miezi 14 ni ya mvua. Zaidi ya nusu ya malipo inaanguka wakati gari haitembei vizuri. Kalenda kama hiyo inamfaa mwenye mshahara wa kila mwezi, haimfai mwenye kamyo.

Mwezi wa kumi 2025, Banki Kuu iliteremsha riba yake ya msingi kutoka 25% mpaka 17,5%. Ni habari njema, lakini hiyo inagusa kwanza mikopo ya franka. Kwetu mikopo mingi ya banki ni ya dola, na riba ya dola haishuki siku ileile.

Kisha kuko paseli. Hata garanti ya Leta ikiwepo, banki inaweza bado kuomba nyumba iwekwe rehani. Kwa sheria ya udongo ya mwaka 1973, karatasi inayothibitisha haki juu ya paseli ni certificat d'enregistrement. Mwenye fiche parcellaire peke yake hana kitu cha nguvu cha kuonyesha. Na mwenye certificat njo anayeweza kupoteza nyumba ya watoto juu ya mvua.

Upande wa makaratasi, RCCM, kitambulisho cha taifa cha biashara na namba ya kodi vinaombwa kwenye Guichet unique. ANADEC iko na kazi ya kusindikiza wafanya biashara wadogo. Usidharau makaratasi hayo: sheria ya mwaka 2017 inawekea kampuni zenye mtaji mwingi wa Wakongomani kazi ndogo ndogo ambazo kampuni kubwa zinagawa. Migodi ya lithiamu ya Manono itahitaji usafiri, lakini mwenye kamyo asiye na makaratasi atabaki kuangalia. Tena mkataba wa usafiri wenye sahihi unasema mbele ya banki kuliko maneno mazuri.

Mbele ya kutia sahihi, uliza banki mambo ine. Naweza kulipa kingi toka mwezi wa tano mpaka wa kenda, na kidogo wakati wa mvua? Kamyo yenyewe inaweza kuwa rehani pahali pa nyumba? Garanti inafunika sehemu gani ya deni, na gharama yake inalipwa na nani? Barabara ikikatika juu ya vita ao daraja kuanguka, malipo yanasimama? Jibu liandikwe ndani ya mkataba.

Na Leta nayo iko na kazi yake. Ikiwa inaweka feza ya taifa nyuma ya mikopo hii, iko na nguvu ya kuomba banki zifuate kalenda ya mvua. Bila hiyo, garanti italinda banki kila mwaka, na mwenye kamyo atabaki kulipa matope.