Kabla ya Kununua Bega Bandia, Tuulize Litashikamanaje

Kila mjadala wa afya unapozuka katika kaunti za Migori na Homa Bay, aghalabu huishia kwenye majengo, mashine na magari ya kubebea wagonjwa. Si vibaya. Lakini kuna swali ambalo viongozi wetu hawaliulizi, nami nathubutu kuliuliza mbele ya walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii: mgonjwa akitiwa chuma mwilini, chuma hicho hushikamanaje na mfupa, na ni nani atakayekifuatilia miaka kumi baadaye?

Nimechagua mfano wa bega kwa makusudi. Ugonjwa wa selimundu umekita mizizi kandokando ya Ziwa Victoria, kama ilivyo katika sehemu nyingi ambapo malaria imetawala kwa vizazi vingi. Chembe za damu zilizopinda huziba mishipa midogo, na kichwa cha mfupa wa mkono kikikosa damu hufa, kisha huporomoka. Hayo si maradhi ya uzee. Humpata kijana aliye darasani au anayevuta nyavu kule Mbita. Ongeza ajali za bodaboda kwenye barabara ya kutoka Kisii kupitia Rongo na Migori hadi Isebania, nawe msomaji utaona kwamba suala hili si la wazungu wazee peke yao.

Bega bandia si jambo geni. Mwaka 1893, mjini Paris, daktari Jules Émile Péan alimtia mwoka mikate mmoja kiungo cha platini na mpira mgumu, kwa kuwa bega lake lilikuwa limeliwa na kifua kikuu. Miaka miwili baadaye kiungo kile kilitolewa kwa sababu ya usaha. Charles Neer wa New York ndiye aliyeirudisha kazi hii katika miaka ya 1950, kwanza kwa tufe la chuma lenye shina linaloingizwa ndani ya mfupa wa mkono, kisha katika miaka ya 1970 akaongeza kitako cha plastiki upande wa kombe la bega. Mfaransa Paul Grammont naye, mwaka 1985, akaupindua mpango wote: tufe likawekwa kwenye kombe na kitako kwenye mkono, ili msuli mkubwa wa nje ya bega uuinue mkono hata kama kano ndogo zinazolifumbata bega zimekatika.

Sasa tufike kwenye kiini. Nyonga ni tufe ndani ya bakuli. Bega ni chungwa juu ya kisahani. Kisahani hicho ni kidogo na mfupa wake ni haba, kwa hivyo kitako cha plastiki ndicho hulegea kwanza mara nyingi. Wabunifu wengine walikitengenezea mkuku, mfano wa mkuku wa mashua, wengine wakakipa vigingi kadhaa, na vyote vikashikizwa kwa saruji ya mifupa. Lakini mkono unapoinuliwa tufe hukandamiza ukingo mmoja na ukingo wa pili hunyanyuka. Mwalimu wa Fizikia hahitaji maabara kulieleza hilo. Na atazame kigingi cha kufungia mbuzi: haking'oki kwa kuvutwa mara moja, hulegea kwa kutikiswa huku na huku kila siku.

Upande wa mkono, shina laweza kushikizwa kwa saruji, au kutengenezwa kwa titani yenye uso wa vinyweleo ili mfupa wenyewe uote ndani yake. Siku hizi mashina yamefupishwa, na mengine yameondolewa kabisa, ili mfupa usiharibiwe bure. Kwa mgonjwa wa selimundu jambo hili ni zito mno. Uvungu wa mfupa wake huenda umeziba na kuwa mgumu kama jiwe, daktari akichimba kwa pupa auvunje. Tena mwili wake huambukizwa kwa urahisi. Akitiwa kiungo akiwa na miaka 25, karibu ni hakika kwamba atahitaji kufunguliwa tena. Daktari wa pili atakuta nini ndani?

Hapo ndipo ninapokasirika. Namfahamu mvuvi aliyewekwa chuma begani katika hospitali nisiyoitaja, akarudi nyumbani na kipande cha karatasi kilichoandikwa "upasuaji". Aina ya chuma, ukubwa, iwapo saruji ilitumika: hakuna. Na kila kiungo bandia hutoka kiwandani na vibandiko vyenye nambari!

Wapo watakaosema kumbukumbu ni anasa ya matajiri. Norwei ilianza rejesta ya nyonga mwaka 1987, na mwaka 1994 ikaingiza viungo vingine, bega likiwemo. Lakini hata Malawi, isiyotuzidi kwa mali, ilianzisha yake mwaka 2005. Misumari ya mifupa ya shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na ambalo misumari yake hutumika katika hospitali kadhaa za Kenya, hutolewa bure, na daktari hujaziwa akiba yake kadiri anavyopeleka taarifa na picha za wagonjwa wake. Sharti hilo dogo limewafunza madaktari wengi kuandika.

Kwa hivyo pendekezo langu ni hili. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, isilipie kiungo bandia chochote ambacho kibandiko chake hakikubandikwa kwenye faili, na kingine kwenye kadi ya mgonjwa. Hospitali za rufaa za Migori na Homa Bay zifungue daftari la kila mkazi aliyetiwa kiungo, awe alipasuliwa Kisumu, Eldoret au Nairobi, na kumwita kwa picha ya eksirei kila mwaka, hata kama hana maumivu. Kitako huanza kulegea kimyakimya, na wakati huo mfupa wa kushikia kingine ungali upo.